Sukari ikishuka kwa sababu ya uvimbe wa kongosho: tunavyomhudumia mama nyumbani

Nimechoka kujibu swali hili mmoja mmoja: sukari ya mama ikishuka, mnafanya nini? Mama ana insulinoma, uvimbe mdogo wa kongosho unaomwaga insulini (inayoshusha sukari ya damu) hata tumbo likiwa tupu. Siyo diabeti. Dawa yenyewe ni upasuaji. Haya ni ya kumlinda hadi siku hiyo.

1. Akitoka jasho, akitetemeka au akipayuka, mpime sukari ya damu. Chini ya 70 (mg/dL), nenda hatua ya 3. Hamna mashine? Nenda vilevile.

2. Mnawishe kidole kwa sabuni, ukikaushe. Hapa ndipo nilipokosea. Saa tisa usiku nilimkuta mama amekaa kitandani, kitenge kimelowa jasho, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Jioni alikuwa amemenya embe. Nikapima: 134. Nikamfunika alale. Punde mwili mzima ukaanza kukakamaa na kutikisika. Hospitalini wakamsafisha kidole, wakapima: 38, wakamtundikia glukozi. Maji ya embe kwenye ngozi ndiyo yaliyodanganya mashine. Mkikosa maji, futa tone la kwanza kwa pamba, pima la pili. Namba ikipingana na hali ya mgonjwa, fuata hali ya mgonjwa.

3. Vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya sukre (soda yenye sukari). Baada ya dakika 15 pima tena. Bado chini, rudia.

4. Ikipanda, ale: bugali na maharagi, au ndizi na karanga.

5. Amezimia? USIMTIE KITU MDOMONI. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Kaka wa Kadutu: Sijasoma yote. Chokoleti inafaa?
— Soma hatua ya 3. Mafuta ya chokoleti yanachelewesha sukari.

Mwana wa Goma: Shangazi anataka kufunga siku tatu kanisani. Tumwache?
— Hapana! Madaktari hupima ugonjwa huu kwa kumnyima mtu chakula hadi saa 72, lakini yuko wodini, anapimwa kila mara. Mwombeni mchungaji mwenyewe amwambie ale.

Dada wa Bagira: Mbona baada ya sukre anapanda, halafu anashuka tena?
— Asante kwa kuuliza, dada. Sukari ya haraka huisha haraka, na uvimbe haupumziki. Ndiyo sababu ya hatua ya 4. Usiku tunamkorogea maizena (wanga wa mahindi) mbichi. Kiasi tulipewa na muganga wa hospitali.

Dada wa Bagira: Nikiipika uji?
— Usipike, dada. Mbichi inasagika tumboni polepole, ikipikwa inakwenda mbio. Maji baridi tu, koroga hadi mabonge yaishe. Mama analalamika ni kama kunywa chaki, lakini anamaliza kikombe.