SOMO: Kuchagua chujio la maji la nyumba nzima kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Wanakikundi, salaam. Mmeomba somo la chujio la nyumba nzima, lile linalofungwa kwenye bomba kuu ili koki zote, za jikoni mpaka za bafuni, zitoe maji yaliyochujwa. Katika kazi yangu ya ufundi bomba hapa Mbeya naona familia zikitoa fedha nyingi kwa mtambo mzuri usiohusiana kabisa na maji yao. Inaniuma, maana wengine fedha hiyo wameikusanya kwa misimu ya viazi. Chujio la tope haliondoi chuma kilichoyeyuka. La mkaa haliui vijidudu. La kulainisha maji, lile la kuondoa chokaa inayofanya maji yawe magumu, halijatengenezwa kwa ajili ya tope. Kwa hiyo tutaanza na maji yenyewe, dukani tutafika mwishoni.

Hatua ya 1: Jua maji yako yana nini

Jiulize kwanza yanatoka wapi. Maji ya mserereko kutoka chemchemi za milimani hutakata kiangazi, kisha yakachafuka mvua zinapoanza Novemba. Maji ya kisima kirefu hayabadiliki sana kwa msimu, lakini yamekaa kwenye miamba muda mrefu na hubeba madini. Maji ya mamlaka ya mjini yametiwa klorini, ila njiani hukutana na mabomba yaliyozeeka.

Kabla ya maabara, fanya jaribio la chupa. Chukua chupa isiyo na rangi, ioshe, ijaze moja kwa moja kutoka kwenye chanzo, si kwenye simtanki, uiache mezani mpaka asubuhi. Ukikuta udongo umekaa chini na maji ya juu yametakata, una tope la kawaida, na chujio la mashapo, yaani la tope, litakutosha. Ukikuta bado yana ukungu wa kahawia, udongo huo ni laini mno: katriji, ule moyo wa chujio unaobadilishwa, itaziba upesi na rangi itaendelea kupita. Maji ya namna hiyo hugandishwa kwanza kwa shabu kwenye tenki la kutuliza, ndipo yachujwe. Yakitoka koki yakiwa na weupe wa maziwa, halafu ndani ya dakika chache yakatakata kuanzia chini kwenda juu, hiyo ni hewa tu. Usinunue kitu.

Wekundu ndio unaochanganya watu zaidi, hata mafundi. Maji yakiwa mekundu asubuhi tu, halafu yakatakata baada ya kuyaacha yatiririke kidogo, kutu iko kwenye mabomba yako ya chuma. Badilisha mabomba. Yakitoka kisimani safi kabisa, halafu kwenye ndoo yakageuka rangi ya chai yakiwa yametulia, hicho ni chuma kilichoyeyuka, kinachoonekana baada ya kukutana na hewa. Kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, sinki na nguo nyeupe zinaanza kupata madoa. Na wekundu ukitoka kwenye bomba la moto peke yake, kagua hita.

Harufu ya yai viza ifuatwe hivyohivyo. Ikiwa kwenye maji ya moto tu, shida iko ndani ya hita. Ikiwa kwenye ya baridi pia, iko kwenye kisima.

Kwa ugumu wa maji, jaza chupa nusu, tia kipande kidogo cha sabuni ya mche, tikisa. Povu likigoma na maji yakafanya utando mweupe, maji ni magumu. Ukoko kwenye birika na hita ya bafuni inayoungua kila mara ni dalili za jambo hilohilo, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai hita si anasa.

Sasa nenda maabara. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji Mbeya na Iringa. Omba wapime tope, pH (kipimo cha uchachu wa maji), chuma, manganizi, ugumu, floraidi, naitreti na bakteria wa kinyesi. Kwa kipimo cha bakteria, chupa ichukue kwao, sampuli ikae kwenye baridi na ifike siku hiyohiyo. Ukiweza, pima mara mbili: mwishoni mwa kiangazi, na tena katikati ya mvua. Karatasi hiyo ndiyo utakayoingia nayo dukani.

Hatua ya 2: Pima presha yako

Hapa ndipo mitambo mingi inapokwama. Maelekezo yanayokuja nayo yameandikwa kwa nyumba zenye presha ya bar 3 au 4 kutoka mtaani. Sisi wengi maji yanapanda kwanza simtanki, kisha yanashuka yenyewe. Kila mita 10 za kimo zinakupa bar 1. Mnara wa mita 3, tenki likikaribia kuisha, unakupa bar 0.3 hivi. Ukipitisha maji hayo kwenye katriji tatu, bafu litatoa uzi. Halafu mwenye nyumba anaambiwa katriji ni feki, kumbe presha haikuwepo tangu mwanzo.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka pampu ya kuongeza presha baada ya tenki, kabla ya chujio. Ya pili inafaa kama shida yako ni tope peke yake na mtaani presha ni nzuri: funga chujio la mashapo kabla ya tenki, maji yachujwe yakiwa yanapanda. Hata yakipita polepole si neno, tenki lina usiku kucha wa kujaa. Njia hii naipenda kwa nyumba nyingi za mjini, ni nafuu na haihitaji umeme.

Lakini chujio la mkaa usiliweke kabla ya tenki. Mkaa unaondoa klorini, na klorini ndiyo inayolinda maji yako yakiwa yamekaa juani ndani ya simtanki. Ukiiondoa mapema unawafungulia vijidudu mlango.

Hatua ya 3: Kiasi cha maji

Bafu moja hutumia lita 8 hadi 10 kwa dakika, jikoni karibu hivyo. Nyumba ya bafu mbili inahitaji mfumo unaopitisha lita 20 hadi 25 kwa dakika. Chukua ndoo ya lita 20, pima inajaa kwa muda gani kwenye bomba kuu, ulinganishe na namba iliyoandikwa kwenye mtambo. Kwa nyumba nzima chagua kopo nene (nyumba ya katriji) la urefu wa inchi 20, lenye matundu ya bomba ya inchi moja. Yale membamba ya inchi 10 yaachie sinki.

Hatua ya 4: Panga kwa mfuatano

Kwa kisima chenye shida kadhaa, mpangilio ni huu: mashapo, kisha chuma, kisha ugumu, kisha mkaa, na mwisho taa ya mionzi (UV) inayoua vijidudu. Kila kimoja kinalinda kinachofuata. Chuma kikifika kwenye resini, zile punje zinazolainisha maji ndani ya mtambo, kinaiziba. Tope likifika kwenye taa, vijidudu vinajificha nyuma ya chembe na kupita wazima. Ukiwa na shida moja, funga kifaa kimoja. Si lazima ukuta ujae makopo.

Kwa mashapo anza na katriji ya mikroni 50 inayooshwa na kutumika tena, kisha ya mikroni 20 au 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita; namba ikiwa ndogo, inazuia chembe ndogo zaidi).

Kwa chuma nitakaa kidogo, maana kuna njia ya bei ndogo. Maji yakiingia tenki yapitishe kwenye bomba lenye matundu mengi ili yadondoke kwa manyunyu. Hewa inakigeuza chuma kuwa chembe, chembe zinazama. Weka koki ya kutolea uchafu chini kabisa ya tenki uifungue kila wiki, na bomba la matumizi litoke sentimita 15 juu ya sakafu ya tenki. Baada ya hapo pitisha kwenye chujio la mchanga. Njia hii hufanya kazi vizuri pH ikiwa 7 au zaidi. Ikiwa chini ya hapo chuma huchelewa kugeuka, na utahitaji kupandisha pH kwanza au kununua chujio maalumu la chuma.

Taa ya mionzi inataka maji maangavu, chuma kisichozidi miligramu 0.3 kwa lita, na balbu mpya kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu nguvu yake ya kuua inaisha kabla ya mwanga wake.

Mtambo wa osmosisi kinyume, unaosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana, usiununue kwa nyumba nzima. Ule wa kawaida wa nyumbani humwaga lita kadhaa kwa kila lita moja unayopata. Mahali pake ni chini ya sinki, kwa maji ya kunywa.

Hatua ya 5: Kununua na kufunga

Kabla ya bei ya mtambo, uliza bei ya katriji na kama zinapatikana Mbeya au Iringa mjini. Uliza unabadilisha mara ngapi, piga hesabu ya mwaka mzima. Fundi aweke njia ya pembeni yenye koki, ili siku ya kubadilisha katriji nyumba isikose maji, na vipima presha viwili, kabla na baada ya chujio. Tofauti yao ikipanda sana kuliko siku ya kwanza, katriji imejaa. Makopo yakae kivulini, jua hupasua plastiki, na kwa walio Njombe na Makete hata maji ya kuganda asubuhi hupasua.

Kabla ya kuwasha, osha simtanki. Likiwa limejaa, tia jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, lita moja na nusu kwa kila lita 1,000 za maji. Ondoa katriji, fungua koki zote mpaka usikie harufu, funga, acha usiku kucha, kisha mwaga yote. Maji hayo yasinywewe wala yasimwagiwe mboga.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Uyole: *Fundi, nguo za shule za watoto zimekuwa njano. Nimeshauriwa ninunue mtambo wa kulainisha maji, kisima ni chetu.*
Dada, njano hiyo inanionyesha chuma kuliko ugumu. Mtambo wa kulainisha unaweza kubeba chuma kidogo kilichoyeyuka, kikizidi resini inaharibika. Pima kwanza, halafu anza na manyunyu kwenye tenki. Na usitumie jiki kwenye hizo nguo, inayakaza madoa ya chuma.

Iringa: *Kamwene. Mama yangu ana presha. Maji ya kulainishwa yatamdhuru?*
Kamwene. Mtambo huo hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu, kwa hiyo chumvi kwenye maji huongezeka kidogo. Mwambie fundi bomba la baridi la jikoni na la bustani yasipite kwenye mtambo. Mama atakunywa maji yasiyobadilishwa, na hita bado italindwa.

Songwe: *Meno ya watoto wa mtaani kwetu yana madoa ya kahawia. Chujio gani linafaa?*
Mkuu, madoa hayo huenda ni dalili ya floraidi nyingi, peleka maji yapimwe floraidi wiki hii. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Mashapo na mkaa wa kawaida havisaidii. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa, kama unavyotumika Ngurdoto kule Arusha, au osmosisi kinyume, tena kwa maji ya kunywa na kupikia tu. Kuoga na kufua hakuna tatizo. Na wakati mnasubiri majibu, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana shida hiyo. Yachemsheni wanywe watoto.

Mafinga: *Umeme ukikatika taa ya mionzi inakuwaje?*
Maji yanapita bila kuuliwa vijidudu. Nunua yenye valvu inayojifunga umeme ukikatika, au weka betri. Kama vyote huwezi, jenga mazoea kwamba umeme ukikatika, maji ya kunywa yanachemshwa.

Makete: *Huku maji yanachemka upesi kwa sababu ya mwinuko. Yanatosha?*
Swali zuri. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu, na bado vijidudu vinakufa. Kuanzia mita 2,000 kwenda juu yaache yatokote dakika tatu.

Mwanjelwa: *Mimi ni mpangaji, siwezi kukata bomba la mwenye nyumba. Nifanyeje?*
Kaka, usifunge mfumo wa nyumba nzima kwenye nyumba isiyo yako. Nunua chujio la mishumaa ya kauri la kuweka mezani, maji ya kunywa pitisha humo kisha chemsha. Mishumaa isugue kwa brashi laini bila sabuni, mtiririko ukipungua. Kwa maji ya kuoga yenye tope, yatulize kwenye pipa usiku, uchote ya juu. Na mwombe mwenye nyumba aoshe simtanki, hilo ni jukumu lake. Akikubali, mpe kipimo cha jiki nilichoandika kwenye Hatua ya 5.