Kabla ya kuitoa ndege ya pistoni Malindi kuipeleka Wilson, Nairobi

Mafuta jaza, kisha toa kidogo chini ya tangi uangalie kama yana maji. Mizigo ipime, usikisie. Hesabu ya njia ya kurukia ipige kwa Wilson, si kwa Malindi tu.

Sasa njoo kwenye kile kishikio chekundu, kinachopanga mchanganyiko wa mafuta na hewa: ukikivuta mafuta yanapungua, ukikisukuma yanaongezeka. Malindi iko karibu na usawa wa bahari, Wilson iko takriban futi 5,500. Huko juu hewa ni nyepesi, lakini kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, haina habari, inazidi kumimina mafuta karibu yale yale. Mafuta yakizidi hewa, injini inasongwa na plagi zinachafuka. Tena usiangalie futi za uwanja peke yake: mchana wa nyuzi 25, kwa injini Wilson ni kama futi 8,000.

Jamaa yangu mmoja alijifunzia Pwani, na mkono wake ukazoea: kabla ya kuruka, vishikio vyote mbele. Siku moja tukiondoka Wilson na Cessna 172, mimi nikiwa kiti cha nyuma, alijaribu magneto, zile zinazotoa umeme wa plagi, mizunguko ya injini ikaanguka vibaya na injini ikatetemeka. Tukarudi kwenye maegesho. Fundi akafungua plagi. Za chini zilikuwa nyeusi tititi, na kwenye ncha vishanga vidogo vya kijivu, ile risasi ya petroli ya ndege. Akazisafisha, akazirudisha. "Rubani, hapa si Pwani. Vuta hiyo nyekundu." Jamaa akaitikia sawa sawa.

Kujaribu magneto mara ya pili akaivuta kweli, injini ikatulia. Tulipoingia njia ya kurukia, mkono ukarudia ada yake: vyote mbele. Ndege ikakimbia, ikakimbia, ikanyanyuka mwishoni kabisa, tukaingia juu ya Mbuga ya Nairobi chini chini, king'ora cha kupungukiwa na mwendo kikilia. Rubani mzee aliyekaa mbele kulia hakusema neno. Alishusha pua kidogo, akaishika ile nyekundu, akairudisha nyuma taratibu hadi injini ikapata sauti yake.

Kwa hiyo, kwenye uwanja ulio juu ya futi 3,000, shika breki, sukuma nguvu zote mbele, vuta nyekundu mpaka mizunguko ifike kileleni, kisha irudishe mbele kidogo tu. Ukiwa unatembea ardhini na nguvu ndogo, vuta zaidi. Ukighairi kutua, sukuma nguvu; nyekundu iwe pale ulipoipanga kwa uwanja huo. Ukishuka kuelekea Pwani fanya kinyume chake: ongeza mafuta kidogo kidogo kila unapopoteza futi. Ukisahau, siku utakayoongeza nguvu ghafla karibu na ardhi injini itagonga kwa joto au itakatika. Joto la kabureta, ile hewa ya moto ya kuzuia barafu, nalo linazidisha uzito wa mchanganyiko, likumbuke. Injini za turbo, zinazosukumiwa hewa kwa nguvu, zina utaratibu wao, nyingi zinataka mafuta yote wakati wa kuruka hata huko juu, kwa hiyo soma kitabu cha ndege hiyo hiyo, si ya jirani.

Ondoka asubuhi, kabla jua halijakolea. Abiria wa dakika ya mwisho mwenye begi moja dogo, mwambie asubiri ndege ya kesho. Na mawingu ya mchana kule kwenye vilima, hayo nayo…