Jinsi ya kulinganisha riwaya unayoipenda na muendelezo uliokuangusha

Kabla hujaanza kuponda muendelezo, angalia uliandikwa lini, sio ulitoka lini, maana hivyo ni vitu viwili. Chukua riwaya mbili za Harper Lee, To Kill a Mockingbird ya 1960 na Go Set a Watchman iliyotoka 2015. Wengi walikinunua hiki cha pili wakijua ni muendelezo, si Scout, yule mtoto wa kike wa Mockingbird, ameshakua, ana miaka 26, anarudi kwao Maycomb kutoka New York, kumbe mswada wake ndo ulitangulia, Harper Lee aliuandika miaka ya 1950, mhariri wake Tay Hohoff akaona utamu uko kwenye zile kumbukumbu za utotoni, akamwambia aandike upya, na huko kuandika upya ndo kukazaa kile tunachokipenda!

Usilinganishe kitabu kizima kwa mpigo, utapotea. Tafuta tukio lililopo kote kote ulisome mfululizo. Mimi nashauri ile kesi. Kwenye Mockingbird kesi ya Tom Robinson, mtu mweusi anayetetewa na Atticus, baba yake Scout, inakula sura kadhaa, umekaa mahakamani na watoto, unamsikia shahidi mmoja mmoja, afu anatiwa hatiani na inauma kweli. Kwenye Watchman kesi kama hiyo inapita chapchap na mshtakiwa anaachiwa huru, ila husikii kitu moyoni maana hukukaa nae.

Angalia pia nani anasimulia. Mockingbird Scout anakuhadithia mwenyewe, Watchman tunamtazama kwa nje, na hapo ndo ile sauti yake tuliyoizoea inapungua sana.

Sasa tafuta ulichofanya vizuri huo muendelezo, na hapa usibanie. Kuna ile roshani ya mahakama waliyotengewa watu weusi. Kwenye Mockingbird watoto wakiwa huko juu, watu weusi wote wanasimama kumheshimu Atticus anapopita. Kwenye Watchman Jean Louise, ndo Scout huyohuyo kwa jina lake halisi, anapanda roshani ileile, anachungulia chini, anamkuta baba yake amekaa kwenye kikao cha wabaguzi. Soma hizo kurasa mbili pamoja halafu andika unachosikia, usiandike tu "Atticus kaharibiwa", sema ni kipi hasa kimekuumiza, mtu mwenyewe au namna alivyoandikwa.

Kwangu hilo la roshani ni zito mno, lingetosha kubeba riwaya nzima. Ila mabishano ya mwishoni, ukurasa baada ya ukurasa, na mjomba wake Jack akimpigia hotuba, hayo siwezi kuyatetea kabisa.