German Shepherd hakui vizuri kwenye mnyororo

Wengi humchukua German Shepherd awe mlinzi, halafu humfunga mchana kutwa wakidhani ndivyo ukali unavyopatikana. Matokeo yake ni mbwa mwoga, anayebwekea kila kinachopita na kung'ata bila kuchagua. Huyu ni mbwa wa kazi. Mwaka 1899 huko Ujerumani, Max von Stephanitz, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, alinunua mbwa wa kuchunga kondoo, akamwita Horand von Grafrath na kumsajili kuwa wa kwanza wa aina hii. Alichotafuta ni akili na utiifu, uzuri wa sura haukumshughulisha sana. Malishoni kazi ya mbwa huyu ilikuwa kuzunguka kundi kutwa nzima ili kondoo wasivuke mpaka. Ndiyo maana hata leo humfuata mwenye nyumba chumba hadi chumba na kuwakusanya watoto wanaokimbia.

Kazi ya kumzoesha dunia haisubiri. Tangu wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa woga mdogo, na baada ya hapo kila kitu kigeni humtia shaka. Mwoneshe wazee, watoto, pikipiki, miavuli, watu wenye kofia. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, kwa hiyo kabla hazijakamilika mbebe mikononi badala ya kumshusha mahali wanapopita mbwa wengine. Mafundisho yawe ya dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku, na zawadi itolewe papo hapo. Ukikawia, hajui amezawadiwa kwa lipi. Kumpiga humharibu: mbwa huyu hakumbuki kosa, hukumbuka mkono.

Chakula ndipo makosa mengi hutokea. Watu humshindilia akue upesi, wengine huongeza unga wa mifupa au vidonge vya kalsiamu. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa hawezi kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini, na mifupa huota vibaya. Mpe chakula kamili cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, usiongeze kitu. Milo iwe 4 kwa siku hadi miezi 3, kisha 3 hadi miezi 6, baadaye 2 maisha yote. Kumpima, weka vidole gumba kwenye uti wa mgongo na vidole vingine ubavuni: mbavu zisikike chini ya ngozi nyembamba, kama mifupa ya mgongo wa kiganja kilichonyooshwa. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, punguza chakula. Dume mzima huwa na kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32.

Usimkimbize mara tu baada ya kula. Tumbo la mbwa mwenye kifua kirefu huweza kujaa hewa na kujipinda. Ukimwona anajaribu kutapika na hakitoki kitu, mate yanamtiririka na tumbo limekaza, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Usingoje asubuhi, wala usimpe dawa ya nyumbani.

Manyoya yana tabaka mbili, na hupukutika mwaka mzima. Mchane mara 2 au 3 kwa wiki. Kumnyoa wakati wa joto ni kosa, kwani manyoya hayo humkinga na jua. Masikio yakilegea anapoota meno, yaache, mengi husimama kufikia miezi 6.

Nyonga ndizo udhaifu mkubwa wa aina hii, na hurithiwa. Kabla ya kulipia mtoto wa mbwa, omba picha za eksirei za nyonga za baba na mama. Kwa uliyenaye tayari, mtazame akikimbia: akirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama anaruka, au akisita kupanda ngazi, apigwe picha. Hadi atimize mwaka mmoja, epuka kumrukisha juu na kumkimbiza nyuma ya baiskeli.