Ukipima ustahimilivu wa wanafunzi wauguzi, geuza alama kwanza

Wadogo zangu mnaoandika TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya uuguzi hapa Bukavu kuhusu ustahimilivu: mkitumia BRS, kipimo kifupi cha Smith na wenzake cha 2008, angalieni sana maswali ya 2, 4 na 6. Yameulizwa kinyume. Aliyejibu 5 hapo mpeni 1, aliyejibu 4 mpeni 2, ndipo mtafute wastani wa maswali yote 6. Msipogeuza, aliye imara na aliyelemewa watapata karibu alama ile ile, na huyo aliyelemewa ndiye tunayemtafuta! CD-RISC ya 2003, kipimo kingine cha ustahimilivu, ina maswali 25, nayo huombewa ruhusa kwanza. Tena, tafadhali, msimpe karatasi mtu anayetoka zamu ya usiku. Atajibu uchovu wake. Mpeni kesho yake mchana.