SOMO: Kulinganisha streini za Salmonella za wagonjwa na za chakula kwa PFGE

Wakuu, kila watu wakiugua baada ya harusi au msiba, swali ni lilelile: "Salmonella imetoka kwa wagonjwa na kwenye pilau, tuandike ripoti?" Hapana. Serovari (aina zinazotofautishwa kwa alama za juu ya bakteria) za Salmonella zinapita 2,500, na ndani ya serovari moja kuna streini, yaani koo za bakteria, chungu nzima. Kuipata pande zote mbili ni kama kujua mwizi alikuja na bodaboda; Mwanza hii, bodaboda ipi? PFGE inajibu hilo: unakata DNA ya bakteria vipande, unavitenganisha kwenye jeli kwa umeme unaobadili mwelekeo, unapata mchoro wa mistari wa kulinganisha. Naandika mara moja, mwingine akiuliza mpeni somo hili.

1. Kinyesi kichukuliwe kabla ya antibayotiki, kwenye Cary-Blair (chombo cha kusafirishia sampuli). Chakula kiwekwe kwenye barafu, kisigandishwe. Anayeleta kwa meli kutoka Nansio abebe barafu ya kutosha hadi maabara, siyo hadi bandarini.

2. Gramu 25 za chakula kwenye ml 225 za maji ya peptoni, nyuzi 37, saa 18. Hamisha ml 0.1 kwenye ml 10 za Rappaport (supu ya kukuza Salmonella), nyuzi 41.5, saa 24. Kisha sahani ya XLD, nyuzi 37, saa 24. Tafuta koloni za waridi zenye kitovu cheusi.

3. Okota koloni tano, kila moja uioteshe upya peke yake. Sufuria moja inaweza kubeba streini mbili, ukaokota ile isiyohusika.

4. Tambua serovari kwa antisera (kingamwili zinazowagandamanisha bakteria wa serovari husika). Anza na tone la maji ya chumvi: bakteria wakigandamana humo, antisera haitakwambia kitu. Serovari zikitofautiana, ishia hapo.

5. Plagi (kidonge cha agarozi kinachoshikilia seli): seli zilizopimwa OD, yaani uzito wa ukungu wake kwa mwanga, 1.3 hadi 1.4 (nm 610), µl 400, proteinezi K µl 20 (mg 20/ml), agarozi ya 1% µl 400. Pasua seli kwa bafa yenye sakosili (sabuni) na proteinezi K, nyuzi 54, saa 2 ukitikisa.

6. KUOSHA PLAGI. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Proteinezi K inakula protini, na XbaI utakayoweka baadaye, kimeng'enya cha kukata DNA, ni protini. Ikibaki kwenye plagi, inakimaliza kimeng'enya kabla hakijakata. Sakosili nayo inakivuruga. Matokeo yake DNA inabaki juu kisimani (tundu la jeli inamowekwa plagi), au inakatwa nusunusu na kukupa mistari hafifu ya ziada utakayoiita "streini mpya". Osha mara mbili kwa maji safi tasa, kisha mara nne kwa TE (bafa ya kutunzia DNA), ml 10 hadi 15 kila mara, dakika 15, nyuzi 50, ukitikisa. Maji na TE vipashwe moto KABLA. Ukimimina vya baridi, dakika zako zinaishia kuvipasha. Mwaga hadi tone la mwisho, na angalia kifuniko: plagi hupenda kujificha huko ikaenda na maji.

7. Kipande cha mm 2, XbaI uniti 50, nyuzi 37, saa 2.

8. Jeli ya 1%, bafa ya TBE 0.5X, nyuzi 14, 6 V/cm, umeme ubadili mwelekeo kila sekunde 2.2 hadi 63.8, saa 18 hadi 19. Kipimio cha Braenderup H9812 (streini ya Salmonella ya kulinganishia) kikae visima 1, 5 na 10. Yuupiesi (betri ya akiba, UPS) ibebe pampu na kipoozeo pia. Umeme ukikatika usiku na mashine ikasimama, DNA inasambaa na jeli ni ya kutupa.

9. Kusoma: vigezo vya Tenover na wenzake (1995). Tofauti ya mistari 2 hadi 3, ndugu wa karibu. 4 hadi 6, huenda ni ndugu. 7 na zaidi, mbali. Daima soma pamoja na orodha ya nani alikula nini.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Kwa hiyo ikitoka pande zote ndiyo hiyohiyo?
— Soma aya ya kwanza.

Labu Boy: Mkuu, jeli nzima mchirizi. XbaI feki?
— Uliosha mara ngapi?
Labu Boy: Mbili, tulikuwa na haraka.
— Hatua ya 6. Kimeng'enya kiache.

Dada wa Nyakato: Shikamoo mwalimu. Enteritidis (serovari mojawapo ya Salmonella) wetu wote wanafanana, hata wa watu wasiohusiana. Nakosea wapi?
— Marahaba dada, hukosei. Enteritidis wana michoro michache tu kwenye PFGE, hivyo kufanana kwao ni ushahidi dhaifu. Rudia kwa BlnI, kimeng'enya kingine cha kukata DNA. Ikishindikana, jenomu nzima isomwe, ambayo inahesabu tofauti za herufi mojamoja. PulseNet ya Marekani, mtandao wa maabara, iliyoanza na PFGE mwaka 1996, ilihamia huko 2019. Na plagi usitupe: zikikaa kwenye TE nyuzi 4, utakata tena bila kuotesha upya.

Mwaloni: Wamekula sato wa kukaanga aliyelala, ndani ya masaa mawili wote wanatapika. Salmonella hakuna.
— Masaa mawili ni mapema mno kwa Salmonella. Kwa kawaida huchukua 12 hadi 36. Fikiria Staphylococcus aureus: sumu yake inavumilia moto, kwa hiyo samaki akipashwa bakteria wanakufa na sumu inabaki. Omba kipimo cha sumu yenyewe, na swabu za pua na vidonda vya mikono vya wapishi.

Mwaloni: Nikiwapata, plagi ni zilezile?
— Ongeza lisostafini (kimeng'enya cha kupasua ukuta wa Staphylococcus), maana ukuta wao proteinezi K peke yake haiupasui. Na kata kwa kimeng'enya SmaI, nyuzi 25, siyo 37.