Sauti kwanza, nishati mwisho: namna ya kuwafundisha watoto wadogo hapa Bukavu

Mwalimu au mzazi anayetaka kuwafundisha watoto wa miaka minne hadi minane habari za nishati, mwanga na sauti hushawishika kuanza na nishati, kwa kuwa mwanga na sauti zenyewe ni namna za nishati. Nashauri afanye kinyume: aanze na sauti, aje kwenye mwanga, kisha nishati iwe ya mwisho. Sauti mtoto anaweza kuigusa. Mwanga hawezi kuugusa, lakini anaweza kuuzuia kwa kiganja na kuona kinachotokea. Nishati haiguswi wala haionekani, bali hutambulikana kwa mabadiliko inayoyaacha kila ipitapo. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliandika ubaoni kwamba nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na darasa zima likaikariri sentensi hiyo mpaka kengele ikalia. Kesho yake nilipouliza ni kazi gani hiyo, mtoto mmoja akajibu: kazi ya baba. Kwa maneno niliyokuwa nimempa, jibu lake lilikuwa sahihi, na kosa lilikuwa langu.

Watoto wengi wa mji huu huongea Kiswahili au Mashi nyumbani, na Kifaransa hukutana nacho ubaoni. Fundisha somo hili kwanza kwa lugha ambayo mtoto anachezea nayo. Akishalishika jambo, neno la Kifaransa atalipachika juu yake baadaye bila taabu. Lakini akianza na neno tupu, atalibeba miaka mingi bila kujua limefunika nini. Kila zoezi lisizidi dakika 15, na kabla ya kulifanya waulize watoto wanadhani nini kitatokea, kisha uwaache waseme hata yasiyo sahihi bila kuwakatiza, maana mtoto aliyekwisha kutoa dhana yake hutazama kwa makini zaidi ili aone kama alikuwa na haki.

Sauti

Mwambie kila mtoto aweke vidole viwili kooni na kuvuma "mmm" kwa muda mrefu, kisha anyamaze. Usimweleze lolote. Muulize vidole vimesikia nini. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa kuwa tunasema mtu amesikia baridi kama tunavyosema amesikia wimbo, na mtoto huona moja kwa moja kwamba kile vidole vilichokisikia na kile masikio yaliyokisikia ni kitu kimoja: mtetemo. Halafu mwambie anong'one neno lilelile, vidole vikiwa palepale. Koo litatulia. Waulize kwa nini, na usiharakishe kuwajibu.

Baada ya hapo chukua kopo tupu la maziwa ya unga, ulifunike mdomo kwa kipande cha puto lililopasuka, ukivute vizuri na kukifunga kwa mpira, kisha nyunyiza juu yake chembe chache za chumvi. Mtoto ainame karibu na kopo bila kuligusa, aimbe kwa nguvu. Chembe zitarukaruka. Hakuna aliyezigusa, wala hazikupulizwa iwapo atageuza mdomo pembeni kidogo. Ni hewa iliyotetemeshwa na koo ndiyo iliyotetemesha ngozi ya puto. Simu ya makopo mawili na uzi ni jirani ya zoezi hili, na wengi wetu tuliicheza utotoni. Jambo la kukazia ni kwamba uzi ukilegea, sauti haifiki, na mtu akiushika katikati kwa vidole, sauti inakatika. Mpe mtoto mmoja kazi hiyo ya kuushika na kuuachia, kwa sababu yeye ndiye atakayeelewa kuliko waliobaki.

Bukavu imejengwa juu ya vilima vinavyotazamana, na hiyo ni neema kwa mwalimu wa sauti. Tafuta mahali ambapo watoto wanaweza kuona ng'ambo ya bonde mtu anayepasua kuni au wale wanaovunja mawe kwa nyundo. Wataona nyundo imekwisha kutua, na mlio utafika baadaye, wakati mkono umeanza kuinuka tena. Sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde moja, kwa hiyo mtu aliye umbali huo huonekana sekunde nzima kabla ya kusikika. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Tarakimu hii ya pili haina maana kwa mtoto wa miaka sita, na sioni haja ya kumpa. Mtosheleze kwa kumwambia kwamba mwanga hufika kabla hajawahi kupepesa jicho, na sauti huja nyuma kwa miguu.

Kutoka hapo mnaingia kwenye ngurumo. Vipimo vya satelaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliweka eneo moja la mashariki mwa Kongo, upande wa magharibi wa milima yetu, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa umeme wa mawingu kwa kila kilomita ya mraba, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Hatukosi basi cha kufundishia kuanzia Septemba mvua zinaporudi. Mkiwa ndani, umeme ukimulika, watoto waanze kuhesabu polepole mpaka wasikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Sekunde tisa ni kilomita tatu. Hesabu hii niliithamini zaidi nilipoona inavyowafanya watoto waliokuwa wakijificha chini ya meza watoke na kugombania zamu ya kuhesabu. Kanuni ya usalama waijue palepale: ikiwa hesabu haifiki 30, hakuna anayebaki nje, wala chini ya mwavoka, wala ziwani, hata kama mvua bado haijaanza kunyesha. Wengine watakuja na maneno waliyosikia kuhusu mtu anayetuma radi imwangukie jirani yake. Usiwacheke, wala usiwagombanishe na wakubwa wao nyumbani. Wape kazi ya kuandika hesabu za mvua tatu mfululizo, nao wataona wenyewe jinsi wingu linavyokaribia, linavyopita juu na linavyokwenda zake.

Mwanga

Kosa ambalo watoto wengi hulileta darasani ni kudhani kwamba jicho hutoa kitu kinachokwenda kukigusa kile linachokitazama, na kwamba ukikaa gizani muda wa kutosha utaona tu. Lirekebishe kwa katoni. Ziba mianya yote kwa karatasi na gundi, toboa tundu dogo la kuchungulia upande mmoja, na upande wa juu ukate kidirisha kinachofunguka na kufungika. Weka ndani kijiko au kiatu. Mtoto achungulie kidirisha kikiwa kimefungwa: haoni kitu. Fungua kidogo, na kiatu kinajitokeza. Jicho ni lilelile na kiatu ni kilekile. Kilichoongezeka ni mwanga ulioingia, ukagonga kiatu, ukarudi hadi kwenye jicho.

Somo zuri kuliko yote ninayoyajua kuhusu mwanga halihitaji hata senti moja, nalo limo katika nyumba nyingi za mitaa ya Kadutu na Bagira: ni tundu la msumari kwenye bati lililowahi kutumika mahali pengine kabla ya kuezekwa hapo. Jua likipanda, tundu hilo huangusha sakafuni kiduara cheupe. Fungeni mlango na dirisha, kisha kung'uteni mkeka au ngojeni moshi wa jikoni upite. Njia ya mwanga itaonekana angani, imenyooka kama fimbo kutoka batini hadi chini. Mtoto akipitisha mkono ndani yake, kiduara hupotea sakafuni na kutokea mkononi. Zungusha kiduara mstari kwa kipande cha kaa, mwendelee na mengine, na baada ya dakika kumi rudini mkitazame: kimeshatoka nje ya mstari. Watoto watasema mtu ameisogeza sakafu, au bati limeteleza. Waache wachunguze.

Sasa tazameni umbo lake. Tundu la bati mara nyingi limechanika vibaya, lakini doa la sakafuni ni duara safi. Sababu ni kwamba lile doa ni picha ya jua lenyewe, iliyopenyezwa kupitia tundu dogo, na jua ni la mviringo. Kwa wasiosadiki, toboa tundu dogo la pembe nne katikati ya karatasi ngumu, tokeni nje na mlishike karatasi hilo juani. Likiwa karibu na ardhi, mwanga unaopita una pembe nne. Liinueni taratibu, mwalimu akipanda juu ya benchi ikibidi, na pembe zitayeyuka. Karatasi ikiwa mita 2 juu ya ardhi, duara litakuwa na upana wa karibu sentimita 2. Kwa njia hii mtoto anaweza kulitazama jua kwa usalama maisha yake yote, akiwa amelipa mgongo, na hapa ndipo mahali pa kumwambia kwa uzito kwamba asiliangalie jua lenyewe kwa macho, hata kupitia kioo cheusi au karatasi ya radiografia.

Upinde wa mvua unatosha dakika tano: mtoto ampe jua mgongo, wewe umwage maji kwa matone madogo sana mbele yake, na rangi zitaonekana. Vivuli wataviendeleza wenyewe.

Jioni, wanaoishi sehemu zinazotazama Ziwa Kivu waonyeshwe taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu hutoka na taa, na mwanga huwavuta samaki waje juu karibu na wavu. Muulize mtoto kwa nini usiku wa mwezi mpevu mavuno hupungua. Atakayejibu kwamba taa haionekani sana kwa kuwa kila mahali kuna mwanga, huyo ameelewa kwamba taa huvuta kwa sababu ya giza linaloizunguka. Nyimbo za wavuvi wale nazo hufika nchi kavu kwa mbali ajabu, kwani usiku hewa iliyo karibu na maji ni baridi kuliko ya juu yake, na tofauti hiyo huikunja sauti irudi chini badala ya kupotea angani.

Nishati

Sasa mtoto yuko tayari, na swali la kumpa ni moja tu, linalorudiwa: imetoka wapi? Nguvu za kukimbia zimetoka wapi? Kwenye bugali. Bugali? Kwenye muhindi na muhogo. Na muhogo ulipata wapi? Majani yalikula jua. Fanya hivyo hivyo kwa sufuria ya maharage: joto limetoka kwenye makala, yaani makaa, makala yametoka kwenye mti, mti ulijenga mwili wake kwa jua la miaka mingi. Watoto hushangaa kwa furaha wanapogundua kwamba njia nyingi zinaishia palepale. Waruhusu kwa majuma ya kwanza waseme "nguvu" pale ambapo wewe ungesema "nishati". Tofauti wataifikia utakapowaomba wausukume ukuta wa darasa kwa nguvu zao zote na kuutazama ukibaki mahali pake.

Umeme wa taa ndio unaohitaji muda. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Mto Ruzizi unatoka kwetu na kuteremka tofauti hiyo yote. Pale Mururu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, maji hayo yanayoshuka yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme. Tengenezeni gurudumu dogo: kizibo au kipande kibichi cha mgomba, kijiti cha kupita katikati, na vipande vya chupa ya plastiki vilivyochomekwa kuzunguka. Mwaga maji kutoka kimo cha shubiri moja, kisha kutoka kimo cha mkono mzima, kiasi kilekile. Watoto waseme lini lilizunguka kwa kasi. Halafu rudi kwenye swali: maji yamepandaje juu mpaka yakapata pa kushukia? Jua liliyainua kuwa mvuke, yakarudi kama mvua. Wenye paneli ya sola nyumbani waifunike kwa kitambaa huku simu imeunganishwa, waone alama ya kuchaji ikizimika.

Mtoto akisema moto wa jiko "umeisha", usimkosoe kwa neno. Mwambie aguse jiwe lililokuwa chini ya jiko, kisha ukuta wa karibu, kisha aweke kiganja juu ya sufuria. Joto limehama, limetawanyika, na sehemu imo ndani ya maharage. Mkiwa kwenye mazungumzo hayo ya makala, aelezwe pia kwamba jiko la makala haliingizwi chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata usiku wa baridi kali, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Kujua kama wameelewa, usiwadai fasili. Weka mezani kitu ambacho hamkukizungumzia, kwa mfano redio ndogo ya betri, uiwashe, na uwaache waishike kwa zamu. Aliyeelewa ataweka vidole kwenye spika akautafuta mtetemo, atanyooshea kidole kile kitaa chekundu, ataichomoa betri aone vyote viwili vikikoma pamoja, na baada ya muda atakuja kukuuliza mbona redio imepata joto mgongoni.